Pikipiki ya umeme huondoa mngurumo, si mashimo ya barabara ya Kikoneni

MHUDUMU wa bodaboda wa Kikoneni, Kaunti ya Kwale, anayewaza kuiacha pikipiki ya petroli na kununua ya umeme huwa na maswali mawili mdomoni: itakwenda kilomita ngapi kabla ya betri kuisha, na itamwokolea shilingi ngapi kwa siku. Swali la tatu, iwapo jioni itamrudisha nyumbani na mgongo mzima, huja baadaye, pesa zikiwa zimekwisha kutoka.

Swali hilo la tatu ndilo zito zaidi katika eneo kama hilo. Kikoneni iko upande wa bara wa barabara kuu ya lami inayotoka Likoni kuelekea Lungalunga na mpaka wa Tanzania. Ni nchi ya minazi, mikorosho, michungwa na mibixa. Mazao hutoka mashambani kwa njia za udongo na changarawe, na mara nyingi anayeyabeba ni bodaboda. Huyo huyo ndiye ambebaye mama mjamzito anayepelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kaunti iliyoko Msambweni, na mzee anayefuata dawa ya presha. Abiria wa namna hii hakuchagua pikipiki kwa sababu ya umbo lake. Ameipanda kwa kuwa hakuna gari lililopita.

Pamoja na hayo, umbo limekuwa jambo kubwa katika biashara ya vyombo vya umeme duniani. Kwa muda wa miaka kumi hivi kumeshamiri mtindo wa kuunda baiskeli na pikipiki za umeme zenye sura ya pikipiki za kale: kiti kirefu kilichonyooka, taa ya mbele ya duara, matairi manene, mikono ya usukani iliyoinuka na betri iliyofichwa pale ambapo zamani palikaa tangi la petroli. Kampuni ya Super73, iliyoanza California mwaka wa 2016, ni miongoni mwa zilizoupa mtindo huo jina. Kampuni kongwe ya Royal Enfield nayo ilionyesha mjini Milan, Novemba 2024, pikipiki ya umeme iitwayo Flying Flea C6, iliyorudisha jina na umbo la pikipiki nyepesi iliyodondoshwa kwa parachuti wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia.

Macho hupenda vyombo hivi, na si ajabu. Vinamfanya anayevitazama adhani kwamba chombo chenye kiti kinene na tairi nene hakiwezi kumuumiza mtu. Hapo ndipo penye kosa.

Pikipiki za mwanzo kabisa, zile za miaka ya 1900 hadi 1930 ambazo sura yake ndiyo inayoigwa, nyingi hazikuwa na springi kwenye gurudumu la nyuma. Fremu ilikuwa chuma kitupu, na mwendeshaji aliokolewa na tandiko la ngozi lililokalia springi zake lenyewe, kama la baiskeli ya zamani. Waigaji wa leo mara nyingi wamechukua mstari wa fremu na kuacha springi za tandiko. Aina za kwanza za baiskeli za Super73 hazikuwa na springi kokote, mbele wala nyuma. Kazi yote iliachiwa tairi na sifongo ya kiti. Kwenye lami ya ufuoni Diani hilo ni jambo la kuvumilika. Kwenye changarawe ni habari nyingine.

Mitetemo miwili tofauti

Ili kuelewa kile ambacho umeme unaweza kumfanyia mhudumu wa Kikoneni, na kile ambacho hauwezi, yafaa kutenganisha mitetemo miwili ambayo wengi huichanganya.

Wa kwanza hutoka kwenye injini. Pikipiki nyingi za bodaboda nchini zina injini ya silinda moja. Pistoni yake hupanda na kushuka, na injini inapozunguka mara 6,000 kwa dakika, hiyo ni sawa na mtikiso 100 kila sekunde. Mtikiso huo ni mdogo na wa haraka. Hauufikii mgongo kwa nguvu, bali hupanda kupitia mikono ya usukani na vikanyagio, ndiyo sababu mwendeshaji aliyeshinda njiani huhisi ganzi vidoleni. Mota ya umeme haina pistoni, huzunguka tu. Ganzi hiyo hupungua sana, na sifa hii ya pikipiki za umeme ni ya kweli wala haihitaji kutiwa chumvi.

Wa pili hutoka barabarani. Huu ni wa polepole na mkubwa, na ndio unaoumiza uti wa mgongo. Wataalamu wa afya ya kazini wamebaini kwamba mwili wa mtu aliyeketi huitikia vibaya zaidi mtetemo wa kupanda na kushuka unaojirudia kati ya mara 4 na 8 kwa sekunde. Katika kiwango hicho matumbo na pingili za mgongo huanza kucheza pamoja na kiti, na kila pigo huongezwa nguvu badala ya kupunguzwa. Ni kwa sababu hiyo sheria za Ulaya, kupitia agizo la mwaka wa 2002, ziliweka kikomo cha mtetemo wa mwili mzima kwa mfanyakazi wa saa nane: mwajiri hutakiwa kuchukua hatua ukifika mita 0.5 kwa sekunde mraba, na haruhusiwi kuupita 1.15. Bodaboda hana mwajiri wa kumpimia.

Sasa tazama barabara ya changarawe iliyokaa bila kulimwa na greda. Magurudumu huichonga mawimbi madogo ya kukingama, kama mgongo wa bati. Tuseme kutoka wimbi hadi wimbi ni sentimita 75. Pikipiki inayokwenda kilomita 20 kwa saa hupiga mawimbi zaidi ya 7 kila sekunde, yaani iko ndani ya kiwango kibaya. Ikikimbia kilomita 45 kwa saa, hupiga karibu 17, na mwili huona nafuu. Hii ndiyo hesabu ambayo wahudumu huijua kwa makalio bila kuiandika popote, na ndiyo sababu wengi huongeza kasi pale ambapo abiria angetarajia wapunguze. Nafuu hiyo ina bei yake. Tairi linaloruka kutoka kilele hadi kilele haligusi chini ipasavyo, breki hazishiki, na kona ndogo yatosha kuwamwaga wote wawili kichakani.

Kuna njia nyingine, nayo ni kwenda polepole kweli kweli. Kwa mawimbi ya ukubwa ule ule, pikipiki ikishuka chini ya kilomita 10 kwa saa hutoka katika kiwango kibaya kwa upande wa pili. Mwendo mbaya kuliko yote ni ule wa katikati, kati ya kilomita 11 na 22 kwa saa, ambao kwa bahati mbaya ndio mtu huudhani kuwa wa adabu anapombeba mjamzito.

Hapa umeme una faida ambayo wauzaji hawaitaji sana. Pikipiki ya petroli ikitakiwa kutambaa kwa kilomita 8 kwa saa hulalamika: mwendeshaji hucheza na klachi, injini hukohoa, na kila akiachia mkono abiria hutupwa mbele na nyuma. Mota ya umeme hutoa nguvu yake tangu gurudumu linapoanza kuzunguka. Haina klachi wala gia ya kubadilisha, na inaweza kutambaa kama mtu anayetembea kwa haraka bila kushtua mtu. Kwa mgonjwa aliyeketi nyuma, utulivu huo una thamani kuliko ukimya wa injini unaosifiwa katika matangazo. Sharti ni kwamba mfumo wa kuongeza nguvu uwe umepangwa kwa upole. Baadhi ya vyombo huruka mara tu kiganja kinapozungushwa, na shingo ya abiria ndiyo hulipa.

Mkao wa mfalme

Mtindo wa kale wa kimarekani humketisha mwendeshaji chini, mgongo nyuma kidogo, miguu ikiwa imenyooshwa mbele. Kwenye barabara kuu iliyonyooka mkao huo hupumzisha. Kwenye mashimo ni mtego. Miguu iliyo mbele haiwezi kubeba mwili, kwa hiyo kila pigo hupita kwenye mifupa ya makalio moja kwa moja hadi mwisho wa uti wa mgongo, na mgongo uliopinda nyuma haupo katika hali ya kulipokea.

Linganisha na Honda Super Cub, ile pikipiki ndogo iliyotoka Japani mwaka wa 1958 na ambayo kufikia 2017 kampuni yake ilikuwa imetengeneza milioni 100. Nayo ni ya kale, tena ya kale kweli, lakini vikanyagio vyake viko karibu chini ya mwili. Mwendeshaji akiona shimo huinuka kidogo, magoti yakawa springi ya tatu. Pikipiki za kawaida za bodaboda zilirithi mkao huo, na hata nyingi za umeme zinazouzwa kwa kazi hiyo nchini zimeufuata. Anayevutiwa na sura ya kale afadhali aangalie kwanza vikanyagio viko wapi, kabla ya kuangalia taa na rangi.

Baiskeli za umeme zenye kiti kirefu zina tatizo lao zaidi. Kiti kiko chini ili chombo kifanane na pikipiki, lakini pedali zimebaki pale pale. Goti hupanda karibu na kifua kila mtu anapokanyaga, na baada ya muda mfupi huacha kukanyaga kabisa. Betri inapoisha mbali na nyumbani, mwenye chombo hujikuta na baiskeli nzito isiyokanyagika.

Tairi nene nalo lastahili kuelezwa kwa haki. Tairi la upana wa inchi 4, likiwa na upepo mdogo, humeza kokoto na huelea juu ya mchanga mlaini ambao ungelizamisha tairi jembamba. Lakini mpira hauna kitu cha kuuzuia usirudi. Springi nzuri ya pikipiki huandamana na mafuta ndani ya bomba yanayopunguza kasi ya kurudi kwake. Tairi halina mafuta hayo, hivyo likibonyezwa na shimo hurudi kwa nguvu na kumrusha aliyeketi, kama mpira wa watoto. Wakati wa masika, udongo wenye kunata hujaa kati ya tairi hilo na bango lake hadi gurudumu likagoma kuzunguka. Isitoshe, tairi la bodaboda la inchi 17 au 18 hupatikana madukani na kwa mafundi, ilhali la baiskeli ya fasheni huenda likaagizwa kutoka mbali.

Jiwe mguuni

Jambo jingine halionekani kwa macho. Katika vyombo vingi vya umeme vya bei nafuu, mota imewekwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Uundaji huo ni rahisi, hauhitaji mnyororo, na vifaa vya kuharibika ni vichache. Ila uzito wa mota hukaa upande wa chini wa springi, pamoja na gurudumu. Gurudumu jepesi likigonga jiwe hupanda na kushuka upesi, na springi huficha jambo lenyewe. Gurudumu zito likishaanza kupanda halizuiliki kwa urahisi. Ni kama mtu aliyefungwa jiwe mguuni akaambiwa aruke kamba. Pigo huipita springi na kufika kitini.

Anayelipata kwanza ni abiria. Mwendeshaji huketi karibu na katikati ya chombo, kwa hiyo gurudumu la nyuma likipanda sentimita 10 yeye hupanda sehemu tu ya kiasi hicho. Abiria huketi juu ya ekseli ya nyuma au hata nyuma yake, akapanda zote 10. Ndiyo maana mwendeshaji aweza kusema kwa moyo safi kwamba pikipiki yake ni laini, na abiria akashuka akishika kiuno. Pikipiki zenye mota katikati ya fremu hukwepa sehemu kubwa ya tatizo hili, ingawa humrudishia fundi kazi ya mnyororo au mkanda.

Mnyororo nao una upande wake katika mji wa leso na buibui. Akina mama wengi wa Pwani huketi upande, miguu yote miwili ikiwa upande mmoja, na ncha ya nguo ikilegea hunyonywa na mnyororo au spoki. Mota ya kitovuni huondoa mnyororo, lakini spoki hubaki, na kinga ya gurudumu haifai kuachwa dukani eti inaharibu sura. Anayeketi upande hupata pia kikanyagio kimoja tu, tena mara nyingi hakikupangwa kwa ajili yake. Kiti kirefu kilichonyooka cha mtindo wa kale humsaidia hapa kuliko kile cha pikipiki za mbio kinachopanda nyuma; hii ni sifa moja ya haki ya fasheni hiyo. Na bomba la moshi halipo. Wale wenye kovu la ekzosi kwenye ndama ya mguu hawahitaji kuelezwa zaidi.

Kwa mota hizi kuna jambo la pembeni linalowahusu watu wa eneo hili kwa njia nyingine. Sumaku kali zilizomo katika mota nyingi za umeme hutengenezwa kwa neodimiamu, mojawapo ya kundi la madini adimu. Mlima Mrima, katika eneobunge hilo hilo la Lungalunga, umejulikana kwa miongo mingi kuwa na niobiamu na madini adimu. Mwaka wa 2013 serikali ilifuta leseni ya kampuni moja iliyotaka kuchimba huko, na mwaka wa 2018 jopo la kimataifa la usuluhishi likatupa dai lake la fidia. Mlima bado uko na msitu wake.

Uzito wa betri ni rahisi kuuelewa. Ikikaa chini katikati ya fremu, chombo hutulia. Ikifungwa juu ya keria ya nyuma, au ikiongezwa ya pili hapo ili kurefusha safari, usukani huwa mwepesi na mkia hutangatanga kwenye mchanga. Sheria ya Kenya humruhusu bodaboda kubeba abiria mmoja pekee. Mshikaki wa watu watatu huvunja sheria na springi kwa pamoja, na pikipiki ya umeme, ambayo tayari imebeba betri, hufika mwisho wa springi mapema.

Kuhusu bei na vituo, hali imekuwa ikibadilika upesi. Wimbi la bodaboda za petroli lilisaidiwa na hatua ya serikali ya mwaka wa 2008 ya kuondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo. Mwaka wa 2023 mamlaka ya kawi, EPRA, iliidhinisha bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo vya uchukuzi, na Septemba mwaka huo Rais William Ruto alizindua mjini Mombasa mpango wa pikipiki za umeme wa kampuni ya Spiro, ambao mwendeshaji hubadilishana betri tupu na iliyojaa kituoni. Mpango wa namna hiyo huenda vizuri pale vituo vilipo karibu. Mhudumu wa vijiji vya ndani hana budi kuhesabu kilomita za kwenda na kurudi kituoni, kwa sababu pikipiki iliyoishiwa chaji husukumwa, na hakuna kinachochosha kiuno kuliko hilo.

Ni busara mnunuzi aijaribu pikipiki kwenye barabara yake mwenyewe. Lami ya Ukunda, akiwa peke yake na muuzaji akitabasamu kando, haitamwambia kitu. Aende na abiria mwenye uzito wa kutosha, apite mwendo wa kutambaa na mwendo wa kazi, kisha wabadilishane viti: yeye aketi nyuma, mwenzake aendeshe. Aketi pia upande, kama watakavyoketi wateja wake. Upepo wa tairi uwe wa kiasi kilichoandikwa na mtengenezaji kwa mzigo huo, kwa maana tairi lililojazwa hadi likawa kama jiwe huifanya hata pikipiki nzuri ionekane mbaya.

Kuna na kipimo kisichogharimu chochote. Kabla ya kuondoka, afunge kijipande cha mpira kuzunguka bomba la springi ya mbele, akisogeze hadi chini kabisa pale bomba linapoingilia. Akirudi akitazame. Springi ikibonyea hukisukuma juu na kukiacha alama ilipofika. Kikikutwa katikati au juu kidogo, kuna akiba ya shimo la kesho. Kikikutwa kimegota mwisho, na barabara ilikuwa ya siku ya kawaida tu, basi chuma kimegonga chuma, na muuzaji aulizwe hapo hapo kama ana springi ngumu zaidi za chombo hicho na zinauzwa bei gani.